Nguvu Kidogo Mahali Pake

Zamani nilidhani kuwa uwekevu ni sifa ya mtu mwenye vingi vya kupoteza, na kwamba kuweka akiba ya kitu kidogo mno ni ubahili tu. Usiku mmoja katika nyumba ya mwalimu wangu ulinitoa katika ujinga huo.

Mwalimu huyo ni mzaliwa wa Tanga aliyekwenda Ujerumani kufundisha Kiswahili, akastaafu huko. Hati yake ilikuwa nzuri sana. Uzeeni mikono yake ilishikwa na ugonjwa wa kutetemeka, hata kalamu ikamkataa. Madaktari walimtia elektrodi ndani ya ubongo, uzi mwembamba wenye pete nne za madini, kila moja ya urefu wa milimita moja na nusu. Waya ulipitishwa chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye betri kifuani. Nilipomzuru, alinimiminia chai asimwage hata tone.

Usiku nilimkuta jikoni. Kikombe kiligonga meno yake na maji yalimwagika kifuani. Alikuwa amezima chombo chake alipokwenda kulala, kama wafanyavyo wengi wenye ugonjwa huo, ili betri idumu.

"Mwalimu," nikasema, "kwa nini usikiwashe? Umeme wenyewe ni kiasi gani?"

"Mwanangu," akajibu, "betri ikiisha, hupasuliwa mimi. Nimekwisha kupasuliwa mara tatu. Kifua changu si mkoba, kifunguliwe na kufungwa."

Niliona haya. Niliporudi kwangu nilitafuta elimu ya jambo hili. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim Louis Benabid aliona kuwa umeme unaopigapiga upesi, kiasi cha mara 100 kwa sekunde, hutuliza kutetemeka bila ya kuunguza sehemu ya ubongo, kama ilivyokuwa desturi kabla yake. Kisha nikapiga hesabu. Tuseme chombo kinatoa volti 3, mara 130 kwa sekunde, kila pigo likidumu sehemu 60 za milioni ya sekunde, na ukinzani ni omu 1,000. Nguvu itumikayo ni kama sehemu 70 za milioni ya wati. Ni kidogo, lakini hutoka mchana kutwa, na betri isiyochajiwa haina budi kubadilishwa baada ya miaka michache. Kila upasuaji huwafungulia vijidudu mlango. Ziko betri za kuchajiwa kupitia ngozini, lakini nazo humtaka mgonjwa asisahau kuzichaji.

Hata hivyo hesabu hiyo ina faraja. Nguvu hufuata mraba wa volti: ukipunguza volti nusu, matumizi hushuka hadi robo. Basi kazi ya wataalamu ni kutafuta jinsi volti ndogo itakavyoweza kazi ya kubwa. Elektrodi ya pete humwaga umeme pande zote, kwa mishipa ya fahamu iuhitajiyo na isiyouhitaji. Kwa hiyo wengine wameikata pete vipande vitatu ili umeme uelekezwe upande mmoja. Wengine wamechunguza umbo lake, kwa kuwa umeme hukusanyika kwenye kingo za madini kuliko katikati, na kingo nyingi zaweza kuamsha mishipa kwa nguvu ndogo zaidi. Wengine hulifupisha pigo lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kuwa neno moja mahali pake hushinda kumi yaliyotawanyika. Sikujua kuwa mahali pengine kanuni hiyo hupimwa kwa makovu ya mtu.

Lakini nisimdanganye msomaji. Elektrodi iliyomo kichwani mwa mwalimu wangu ni ya pete, na hapana atakayependa kuing'oa ili atie nyingine. Manufaa niliyoyataja ni ya watakaomfuata. Nilipomweleza hayo katika barua, alinijibu kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimenyooka: "Nimefurahi. Wao watakunywa maji usiku."

Usiku ule nilimshikia kikombe, akanywa.