Milioni mbili na ushee zangu ziko wapi?

Najua nimewatupa wiki mbili, testi zilinibana kweli kweli. Leo nina jambo la kumwaga hapa manake tangu Ijumaa linanizunguka kichwani, na humu chumbani hatujalimaliza.

Mnaikumbuka Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoitangaza Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati, ule wa daraja la chini? Mimi nilikuwa kidato cha pili, tulishangilia tu kama timu imepanda daraja. Kipato cha mwaka 2019 kilikuwa dola 1,080 kwa kila mtu, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Yaani tuliuruka kwa dola 44. Kwa bei ya dola ya wakati ule, shilingi 2,300 hivi, mgao wa kila mtu ni kama milioni 2 na laki 4 na themanini kwa mwaka. Kwa mwezi, laki 2 na elfu 7. Na ni kila mtu jamani, hadi kichanga kilichozaliwa jana.

Basi nikapiga hesabu ya kwetu Kwimba. Mama, bibi na wadogo zangu watatu, watu watano. Kwa hesabu ile nyumba yetu ilitakiwa kuingiza zaidi ya milioni moja kila mwezi! Mama analima pamba na mahindi. Nikamuuliza kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, "Hiyo milioni anaishika nani huko?"

Jamaa yetu mmoja humu chumbani anasoma uchumi. Yeye akasema ticha usikurupuke, hata chakula mnacholima na kula wenyewe kinahesabiwa, siyo pesa ya mkononi tu. Sawa. Nikaweka magunia ya mahindi, nikaweka mihogo, nikaweka hadi kuku wa bibi. Bado hatukufika nusu.

Hapo ndo nikaona nitumie kile nilichofundisha kidato cha tatu kwenye mazoezi ya kufundisha. Kijiji kina watu kumi. Tisa wana laki moja moja, wa kumi ana malori, ana milioni 9 na laki moja. Jumlisha, gawa kwa kumi: wastani ni milioni moja. Hamna hata mtu mmoja pale mwenye milioni moja! Ukitaka kumjua mtu wa kawaida, wapange mstari kuanzia fukara hadi tajiri, halafu umshike yule aliyesimama katikati. Huyo ana laki moja. Wanafunzi wangu walilielewa haraka kuliko hawa jamaa zangu wa chuo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Weka hiyo pembeni ya laki 2 na elfu 7, utaona wastani unavyomficha mtu.

Mwingine humu ndani anatoka Geita. Huyo ukimtajia takwimu anakasirika. Kwake yeye jibu ni moja, dhahabu. Igawanywe! Akatupa mfano wa Alaska kule Marekani, ambako tangu 1982 kila mkazi anapewa gawio la mwaka linalotokana na mfuko wa mafuta. 2022 walipata dola 3,284 kila kichwa. Chumba kizima kikasisimka, kila mtu akaanza kuzitumia zake.

Nikasema subirini. Dhahabu tuliyouza nje 2023 ilikuwa kama dola bilioni 3. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Gawanya, inakuja kama dola 49 kwa mtu. Na hayo ni mauzo, si faida, ndani yake kuna mafuta ya mitambo, mishahara, mtaji wa mwenye mgodi na jasho la wachimbaji wadogo. Mrabaha wa serikali ni asilimia 6 tangu sheria ilipobadilishwa 2017. Asilimia 6 ya dola 49 haifiki dola 3, tuseme shilingi elfu 7 na kitu. Kwa mwaka! Haifiki bumu ya siku moja, ambayo ni elfu 10. Ukiongeza kodi na gawio la zile hisa za serikali zisizopungua asilimia 16 inapanda kidogo, lakini Alaska huioni. Wenzetu kule hawafiki hata milioni moja.

Jamaa wa Geita akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho ndicho kimeninyima usingizi. "Sawa ticha. Sasa bumu yako wewe ni mgao wa nani?"

Nikaanza kujitetea kwamba ni mkopo, nitakatwa asilimia 15 ya mshahara. Akasema piga hesabu. Elfu 10 mara siku 240 hivi za masomo, milioni 2 na laki 4. Jamani! Karibu sawasawa na ule mgao wa kila Mtanzania wa 2019. Kumbe mtu wa wastani niliyekuwa namtafuta ni mimi, nimelala kitanda cha juu. Mama, mwenye pamba inayoingizia nchi dola, hana mkopo wa namna hiyo wala hajawahi kuulizwa kama anauhitaji.

Bumu ikitoka huwa namtumia elfu 60. Jamaa akauliza, hiyo ni haki yake au ni huruma yako? Kama ni haki, kwa nini inategemea mimi kukumbuka? Na wale wasio na mtoto chuo je? Wa uchumi akasema ndiyo maana kuna kodi, barabara, zahanati, na elimu bila ada tangu 2016, mgao hauji kwa noti. Kweli, wadogo zangu wanasoma bila ada. Lakini zahanati ya karibu na kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, na bibi miguu imegoma.

Mnaosoma uchumi mkinikuta kafteria nielezeni vizuri, mimi nitanunua chai. Bumu inasemekana ni wiki ijayo, na safari hii mama hajasema anataka nini, amesema nimtumie tu nitakachoona.