Hakuwahi Kuninyanyulia Mkono

Kila nilipothubutu kumwambia mtu kwamba ndani ya ndoa yangu nakosa pumzi, niliulizwa swali moja tu: "Kwani anakupiga?" Hapigi. "Anakunyima matumizi?" Hanyimi. Basi mazungumzo yakaishia hapo, na mimi nikaonekana sina shukrani. Kwenye kitchen party yangu mashangazi walikuwa wameshaniusia: ndoa ni kuvumilia. Nikavumilia.

Adhabu ya mume wangu ilikuwa kimya. Akinipigia simu nisipokee mara moja, hakunigombeza. Alirudi jioni, akala, akaoga, akalala bila kunitupia hata salamu, na hali hiyo iliweza kuendelea siku kadhaa mpaka nimlilie anisamehe kosa nisilolijua. Nikajifunza kumtangulia. Nikikaa kituoni kusubiri daladala nilipiga picha ya foleni nikamtumia kabla hajauliza niko wapi. Nikinunua nyanya nilihifadhi bei kichwani kama mtoto anayekariri sura ya mtihani. Vikoba niliacha, harusi za watu niliacha. Marafiki zangu aliwaita wanawake wasio na waume wa kuwatuliza, na mimi nikawa nawakwepa ili nyumba ipoe.

Filamu iliyonifumbua macho inaitwa Alice, Darling, ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Mary Nighy. Niliitazama nyumbani kwa shoga yangu huku Tanga, kwenye kompyuta yake, tuko watatu kama zamani. Hadithi yenyewe ni ya Kanada. Alice anamdanganya mpenzi wake, Simon, kwamba ana safari ya kikazi, kumbe anakwenda na rafiki zake Tess na Sophie kwenye nyumba iliyo kando ya ziwa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Tess. Kudanganya kwa nini? Si rafiki zake? Wenzangu waliuliza hivyo. Mimi sikuuliza, nilishaelewa.

Simon hampigi Alice. Ni msanii, mpole wa sauti, mtu ambaye mama mkwe yeyote angempenda. Lakini mtazame Alice. Akijifungia bafuni anazungusha nywele kidoleni, anazikaza mpaka ncha ya kidole inabadilika rangi, kisha anazing'oa. Simu ikilia mwili mzima unashtuka. Nikaangalia mikono yangu mwenyewe: ngozi ya kando ya kucha nilikuwa nimeitafuna hadi nyama nyekundu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yale nayo ni majeraha. Anna Kendrick, aliyeigiza kama Alice, ameeleza hadharani kwamba alipoletewa muswada ule alikuwa ametoka karibuni katika uhusiano wa aina hiyo hiyo. Nadhani ndiyo maana hakuna mahali anapozidisha kilio.

Mimi ninachokiheshimu zaidi katika filamu ile ni jinsi inavyowaonyesha marafiki. Hawafiki na hekima mkononi. Tess amechoshwa na Alice, anamwona amebadilika na anaringa, na anamkasirikia waziwazi. Sophie, anayeigizwa na Wunmi Mosaku, mzaliwa wa Nigeria, anajaribu kupatanisha na mara nyingine anashindwa. Wanakosea, wanagombana, lakini hawaondoki. Mtu aliyefungwa hivyo hahitaji mahubiri. Anahitaji watu ambao hata akiwachosha bado wapo.

Wangu walikuwepo. Filamu ilipokwisha hakuna aliyesema "achana naye". Simu yangu ilikuwa inaita mezani, inanyamaza, inaita tena. Mwenye nyumba akainuka, akachukua kawa lililokuwa limefunika mikate ya kumimina, akaifunika simu. "Lala hapa leo, mwaya," akasema. "Ya kesho tutayajua kesho." Nikalala mpaka jua likachomoza, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu niolewe.

Kuondoka hakukuwa kwa siku moja, na nilirudi kabla sijaondoka moja kwa moja. Aliyenisomea sheria ni yule mwenzetu wa tatu, mwalimu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 107, inautaja ukatili wa akili sambamba na wa mwili miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyaangalia kuona kama ndoa imevunjika. Sheria ile ina umri kunizidi! Kabla ya mahakama, kwa kawaida shauri hupitia baraza la usuluhishi wa ndoa, na huko rafiki zangu wote wawili walinisindikiza wakakaa kwenye benchi la nje. Ndani mzee mmoja aliniuliza lile swali la kupigwa. Safari hii sikuinamisha kichwa. Nilieleza kile kimya chake, picha za foleni, kucha zangu, na katibu akaandika.

Sasa naishi na mwanangu, nimerudi kwenye vikoba, na ngozi ya kando ya kucha imepona.

Wewe unayesoma, kama una rafiki aliyeacha kuja, mpigie leo. Akikataa usimnunie, mpigie tena wiki ijayo, mwambie kitanda kipo. Siku akisema yuko tayari kwenda kwenye dawati la jinsia polisi au kwenye baraza la usuluhishi, usimpe nauli tu. Vaa viatu, mwende pamoja.