Baridi ya Brazil na Mibuni ya Embu

Kwetu Mombasa, zitajwapo Meru na Embu, neno la kwanza kinywani huwa ni miraa na muguka, na mara nyingi hutamkwa kwa lawama. Nami sikujua zaidi ya hayo mpaka nilipoolewa Embu. Nilimkuta mavyaa wangu ana shamba la kahawa upande wa Manyatta, kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Tangu utotoni nilizoea kahawa chungu itokayo kwenye dele, ikasindikizwa na halua, nisiulize hata siku moja ni nani aliyeichuma. Kule ndiko nilikomwona mwenyewe: mama mtu mzima, ameswali alfajiri, amejifunga kikapu kiunoni, anachagua matunda mekundu moja moja na kuyaacha mabichi.

Mapema mwaka 2025, mwanangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya kuandika habari za Brazil. Tuliketi mezani tukaanza na yale yaliyo wazi. Brazil ndiyo nchi kubwa kuliko zote Amerika ya Kusini, kilomita za mraba zipatazo milioni 8.5, Kenya yetu ingeweza kuingia humo zaidi ya mara 14. Imepakana na nchi zote za bara hilo isipokuwa Chile na Ecuador. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 203, na lugha yao ni Kireno. Ilijitangazia uhuru wake kutoka Ureno mwaka 1822. Mji wake mkuu, Brasília, ulijengwa mahali palipokuwa nyika na kuchukua nafasi ya Rio de Janeiro mwaka 1960. Mto Amazon na msitu wake, na Kombe la Dunia mara 5, mtoto aliyajua kabla sijamwambia.

Nikamwongezea jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Mwaka 1500, merikebu za Mreno Pedro Álvares Cabral zilifika Brazil mwezi wa Aprili, kisha zikavuka bahari, zikapita Kilwa na kutia nanga Malindi mwezi wa Agosti mwaka uo huo. Karne hiyo hiyo Wareno waliojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, walikuwa pia wakiitawala Brazil. Muhogo tunaoupika kwa nazi na kuufuturia, korosho na nanasi, yote asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioyaleta pande hizi.

Lakini merikebu hazikubeba vyakula tu. Mamilioni ya Waafrika walipelekwa Brazil utumwani, wengi kutoka Afrika Magharibi na Angola, na wengine kutoka Msumbiji. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Mwezi wa Januari 1835, mwishoni mwa Ramadhani, Waislamu wa mji wa Salvador, jimbo la Bahia, waliinuka kudai uhuru wao. Walishindwa, na waliokamatwa walikutwa na karatasi zilizoandikwa kwa Kiarabu, zikiwamo aya na dua. Utumwa haukukomeshwa nchini humo hadi mwaka 1888, na kwa sehemu kubwa ya karne ile kahawa ya Brazil ilichumwa kwa mikono ya watumwa. Mwanangu aliacha kuandika kwa muda. Hakudhani kwamba Ramadhani ilikuwa na historia huko mbali.

Mavyaa alikuwa ameketi karibu akichambua maharagwe. Akasema, "Andika pia kwamba Brazil ndiyo iliyotujengea nyumba hii."

Akaeleza. Julai 1975, jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, iliua mibuni mingi mno katika jimbo la Paraná. Brazil ndiyo inayoongoza duniani kwa kahawa, hivi sasa ikitoa takriban theluthi moja ya yote, kwa hiyo ikipungukiwa yeye, dunia nzima huhisi. Bei ikapaa mwaka 1976 na 1977. Embu na Meru, ambako Waafrika walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa katika miaka ya 1930, watu waliezeka mabati na kuwapeleka watoto shule. Mavyaa alikuwa bibi arusi wakati huo.

Kisha akaeleza upande wa pili. Julai 1989, mapatano ya nchi zinazouza na zinazonunua kahawa, yaliyogawa kiasi cha kila nchi kuuza ili bei isianguke, yalivunjika. Kahawa ikafurika sokoni na bei ikaporomoka. Mavyaa alichuma vile vile, akabeba mzigo ule ule hadi kiwanda cha ushirika, lakini malipo hayakutosha karo. Wifi yangu mkubwa aliacha shule akiwa kidato cha pili. Mpaka leo mavyaa akilitaja hilo sauti hushuka.

Niliuliza inakuwaje shamba la Manyatta litegemee mvua ya Brazil. Mume wangu alinifafanulia kwamba kahawa yetu huuzwa mnadani Nairobi, na wanunuzi hutazama kwanza bei ya New York, nayo hupanda na kushuka kwa habari za mavuno ya Brazil. Huko mashamba makubwa mengi huvunwa kwa mashine. Kwetu ni mkono na kikapu, na kilo 6 au 7 za matunda ndizo zitoazo kilo moja ya kahawa safi. Ukame wa Brazil wa mwaka 2024 ndio uliochangia kuipandisha bei tena, na malipo yake ndiyo yaliyomlipia karo binti yangu anayelala bweni.

Mwanangu akauliza, kwa usafi wa mtoto, "Bibi, basi tuombe Brazil isipate mvua?"

Mavyaa aliweka ungo chini. "Hapana, mjukuu wangu. Mwaka ule wa neema tulishangilia, na mimi nilishangilia. Baadaye nikasikia kwamba vibarua wa mashamba yale walikosa kazi, wakahama na watoto wao kwenda kutafuta maisha mijini. Shangazi yako alipotolewa shule, nilifahamu walivyolia. Omba mvua yetu inyeshe, na yao inyeshe. Rizki ya mja haitoki katika msiba wa mwenziwe. Hutoka kwa Mola."

"Na bei ikishuka?"

"Tutachuma vizuri, tutapanda na maharagwe."

Mimi sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimeshukuru Mungu kwa karo ya binti yangu bila kumkumbuka mkulima wa mbali aliyeuona mbuni wake ukinyauka. Jioni ile, baada ya Magharibi, mavyaa aliomba dua kama kawaida, akawataja wagonjwa, wasafiri, na wakulima "wa hapa na wa kule." Mwanangu aliitikia amina kwa sauti kuliko sote, kisha akarudi mezani kumalizia kazi yake.