Vazi la Maandishi

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaijua sote, na shuleni hufundishwa kuwa onyo kwa mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake. Lakini lipo swali ambalo methali haikuliuliza: je, daftari lenyewe likipotea? Sisi wakazi wa Majengo, mjini Mpanda, tumelazimika kulijibu swali hilo, na jibu tumelipata katika ngozi ya mbuzi.

Reli kutoka Kaliua ilifika mjini kwetu mwaka 1950, ikiyafuata madini ya risasi. Tangu mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa na Mpanda ikawa makao makuu yake, mji huu umekuwa pia mji wa karatasi. Hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule: haki ya mtu imo humo. Hata hivyo, aghalabu karatasi hizo hukaa katika kifuko cha nailoni chini ya kitanda, ambako maji ya masika hupenya na mchwa hupanda. Kijana mmoja wa mtaa wetu aliitwa kazini. Alipofungua kifuko chake alikuta cheti kimegeuka udongo. Akaandika barua, akasafiri, akangoja. Uthibitisho wa elimu yake ulipopatikana, nafasi ilikwisha kuchukuliwa na mwingine. Hapo ndipo majirani kadhaa tulipoazimia kujifunza kutengeneza majalada kwa mikono yetu.

Ngozi ya mbuzi yafaa zaidi kuliko ya ng'ombe, kwa kuwa ni nyembamba na hukunjika bila kupasuka. Tuliiloweka katika maji ya chokaa hadi manyoya yakalegea, tukaikwangua pande zote mbili, kisha tukaisuuza sana. Baada ya hapo yakaja magome ya miti ya miombo. Ndani ya magome hayo mna tanini, ule ukali unaokaza ulimi kama chai kavu. Tanini hushikamana na nyuzi za ngozi, nayo ngozi haiozi tena. Maji ya kwanza huwa hafifu, kisha huongezwa ukali juma hata juma. Maana yakianza na ukali mwingi, ngozi hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Magome hayo hatuyabandui kwenye mti ulio hai, kwani mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa. Twayachukua kwenye magogo yaliyokwisha katwa.

Ngozi ilipokauka kivulini tuliipaka mafuta, tukaikata kipande chenye upana wa sentimita 56 na urefu wa sentimita 36. Kipande hicho chatosha kufunika mbao mbili za karatasi ngumu, mgongo wa sentimita 4, na ukingo wa kukunjia ndani. Ukingo huo hupunguzwa unene kwa kisu kikali, usije ukavimba. Tulibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, tukatoboa kwa msharasi wa fundi viatu, tukashona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, ili uzi mmoja ukikatika, wa pili ushikilie. Uzi wenyewe tuliupitisha katika nta ya nyuki, ambayo misitu yetu imejaliwa kwayo.

Tulipokuwa tukishona, tulikumbushana kwamba kazi hii si ngeni kwa wasemao Kiswahili. Neno jalada lina asili ya Kiarabu, na shina lake ni jild, yaani ngozi. Daftari nalo latoka mbali zaidi: Wayunani waliita ngozi iliyotayarishwa diphthera, na neno hilo likapita kwa Waajemi na Waarabu hadi likatufikia. Katika karne ya 19, mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulikuwa na sifa ya mafundi wa ngozi na ya wanakili wa misahafu. Basi lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ambayo mikono yetu ilikuwa imeanza kuisahau.

Hatudai kwamba jalada ni kinga ya kila balaa. Ngozi nayo huota ukungu ikiachwa mahali penye unyevu. Lazima iwekwe juu ya rafu na kupanguswa kwa mafuta. Lakini jambo hilo ndilo lenye mafunzo. Kitu tulichokitengeneza wenyewe hutudai tukitazame, na anayelitazama jalada lake huzitazama pia karatasi zilizomo.

Mkoa wetu una wafugaji wengi, na bado ngozi nyingi huuzwa mbichi kwa bei ndogo au hutupwa jalalani. Walimu wana mahali pa kuanzia: ngozi moja ya mbuzi yatosha somo la kemia juu ya tanini, la hesabu juu ya vipimo, na la Kiswahili juu ya asili ya maneno. Mwanafunzi atakayemaliza shule na kukiweka cheti chake ndani ya jalada alilolishona mwenyewe atakuwa amefuzu masomo matatu kwa kazi moja, na mchwa watamkuta yu macho.