Dubrovnik: Mji uliowangojeza wageni nje ya lango

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini je, msomaji, mgeni akija na maradhi, au na mizinga, au akiandamana na wenzake maelfu kwa siku moja, mwenyeji afanyeje? Wakazi wa Dubrovnik wamekuwa wakijiuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 600.

Mji huu uko Kroatia, kwenye ufuo wa Adriatic, ambayo ni mkono wa bahari ya Mediterania. Zamani ukiitwa Ragusa, na yasemekana uliasisiwa na wakimbizi katika karne ya 7. Ukuta wa mawe wenye urefu wa karibu kilomita 2 unauzunguka mji wa kale. Ndani yake imo barabara kuu ya Stradun, ambayo mawe yake yamelainishwa na nyayo za watu hata yanang'aa.

Ragusa ilikuwa jamhuri ndogo ya mabaharia na wafanyabiashara, nayo ilizungukwa na wakubwa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Kila mwaka mabalozi wake walifunga safari hadi Istanbul kumpelekea Sultani kodi, ambayo hatimaye ilifikia ducat 12,500 za dhahabu. Kwa malipo hayo meli zao zilifanya biashara kwa amani. Ama kuhusu utu, mwaka wa 1416 jamhuri hiyo iliwapiga marufuku raia wake kufanya biashara ya watumwa.

Mwaka wa 1377, tauni ilipokuwa ikiangamiza miji ya Ulaya, Ragusa ilikabiliwa na mtihani mgumu. Kufunga bandari ni njaa. Kuiacha wazi ni kifo. Baraza la mji likaamua kwamba yeyote atokaye penye tauni angoje mwezi mzima nje ya mji, kwenye visiwa vya jirani au katika mji mdogo wa Cavtat, kabla ya kuruhusiwa kuingia. Baadaye kwingineko muda huo uliongezwa hadi siku 40, na kutokana na arobaini hiyo ya Kitaliano likazaliwa neno karantini, ambalo sote tulilizoea mwaka wa 2020.

Si wageni wote waliokubali kungoja. Tetemeko la Aprili 6, 1667 liliua maelfu na kubomoa majumba, ingawa ukuta ulisimama. Majeshi ya Napoleon yaliingia mwaka wa 1806, na miaka miwili baadaye jamhuri ikafutwa. Kisha, Yugoslavia iliposambaratika, mji ulizingirwa kuanzia Oktoba 1991. Mizinga ya Desemba 6 mwaka huo ilikuwa mikali kuliko yote. Zaidi ya nusu ya majengo ya mji wa kale yalipigwa katika mzingiro huo. Ukipanda juu ya ukuta leo utaitambua historia hiyo kwa rangi ya vigae: vile vyekundu vinavyong'aa ni vipya, vilivyofifia ni vya kabla ya vita.

Mji ulijengwa upya, na watalii wakarudi kwa wingi, hasa baada ya mchezo wa televisheni wa Game of Thrones kupigwa picha humo. Wameleta pesa, naam, lakini nyumba nyingi zimegeuzwa kuwa vyumba vya kukodisha. Ndani ya ukuta walikuwa wakiishi watu wapatao 5,000 mwaka wa 1991. Siku hizi hawafiki 2,000. Si ajabu basi kwamba mwaka wa 2019 mji ulirudia hekima yake ya kale na kuweka kikomo cha meli mbili za watalii kwa siku. Nyingine zingoje.

Ukuta wa Dubrovnik haukuangushwa na tetemeko wala mizinga. Kilichobaki ni kuona kama nyuma yake atakuwepo mwenyeji wa kusema karibu.