Nyimbo za Kahawa

Msomaji, kama ulizaliwa mjini, yamkini hukupata kuiona kahawa kabla haijawa unga. Mimi nilizaliwa katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa nimekwisha kujua kuchuma buni. Nyekundu huchumwa, ya kijani huachwa, na mtoto avunjaye tawi hujuta. Tulizipeleka kiwandani kwa kichwa na kwa baisikeli; karani akazipima, akaandika kilo katika kijitabu, nasi tukarudi nyumbani mikono mitupu. Fedha zilikuja baadaye. Mwaka mwingine hazikuja.

Mwaka 2002 nilikuwa na umri wa miaka 12. Mapatano ya mafungu ya mauzo baina ya nchi zilimazo kahawa na zile ziinunuazo yalikuwa yamevunjika tangu 1989, na bei ya dunia ilikuwa imeanguka vibaya. Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba baba aliisoma karatasi ya malipo mara mbili, kisha akanipa mimi niisome, kana kwamba macho ya mtoto yangeona tarakimu nyingine. Baada ya kukatwa gharama za mbolea na dawa, chama ndicho kilichokuwa kikimdai yeye. Dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili, hakurudi shule muhula ule. Baba alipanda mahindi katikati ya mibuni, akayaacha majani yaimeze.

Mwaka ule ule, huko Uingereza, shirika la hisani la Oxfam lilianzisha kampeni ya kudai biashara ya haki. Chris Martin, mwimbaji wa kundi la Coldplay, aliyaandika maneno ya kampeni hiyo juu ya mkono wake, akapiga piano mbele ya maelfu ya watu. Alikwenda Haiti, na mwaka 2005 akaenda Ghana, kuonana na wakulima. Desemba ya mwaka huo sahihi za watu zaidi ya milioni 17 zilipelekwa Hong Kong, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani.

Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nilikasirika. Wino mkononi mwa tajiri haukumrejesha dada yangu darasani. Walakini hasira si hoja, na siku hizi nawaonya wanafunzi wangu juu ya jambo hilo. Mnunuzi wa London haujui mlima wetu. Barua ya baba isingalifika mezani pake, bali wimbo hufika hata jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza zamani kidogo. Mwaka 1988, nchini Uholanzi, kahawa ya wakulima wa Mexico iliuzwa ikiwa na alama iitwayo Max Havelaar, jina la riwaya ya mwaka 1860 iliyoshutumu dhuluma waliyotendewa wakulima wa kahawa wa Java. Kutoka hapo ilikua alama ya Fairtrade. Maana yake ni hii: bei ya soko ikishuka, mnunuzi hashuki chini ya kiwango kilichowekwa. Mwaka 2023 kiwango hicho kiliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili ya kahawa ya arabika iliyooshwa, na juu yake senti 20 ambazo wanachama wa ushirika huamua wenyewe zitumiwe vipi. Si dawa ya kila ugonjwa. Ukaguzi una gharama, na chama kinaweza kupata alama kisha kikakosa wanunuzi wa mavuno yake yote.

Nyimbo zilizonigusa, msomaji, hazikutoka Uingereza. Zilitoka Mbale, ng'ambo ya pili ya mlima wetu. J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa Kiyahudi wa Uganda, alikuwapo New York siku ya Septemba 11, 2001, akayashuhudia maangamizi. Mwaka 2004 alianzisha ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani Amani Tamu, ambamo Wayahudi, Waislamu na Wakristo waliuza kahawa yao pamoja, kwa masharti ya biashara ya haki, kwa kampuni moja ya California. Wakulima hao walitunga nyimbo za kuwashawishi jirani zao wajiunge, na mwaka 2013 zilitolewa katika santuri na Smithsonian Folkways. Lugha ya Wagisu twaielewa sisi Wabukusu karibu yote. Hawamwimbii mnunuzi peke yake. Wanaimbiana wao kwa wao.

Jioni moja nilimpigia dada simu, nikaiweka karibu na muziki ule. Yeye sasa huuza mboga sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akaniuliza, "na hao, hulipwa baada ya miezi mingapi?"

Nikamweleza kwamba kanuni za Fairtrade hukiruhusu chama kumwomba mnunuzi atangulize hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, kabla mzigo haujasafirishwa.

Akanyamaza. Nilisikia watu wakipatana bei ya sukuma wiki nyuma yake.

"Asilimia 60," alisema. "Ingalitosha karo."