Ufasaha wa Bwana Kurtz

Sisi tuupendao ushairi tumezoea kuusifu ufasaha kana kwamba ni tabia njema. Mtu akisema vizuri, twamwita mwenye hekima. Akipanga vina na mizani barabara, twadhani na moyo wake umepangika. Ipo riwaya moja fupi ambayo kila niisomapo huniondolea dhana hiyo, nayo ni *Heart of Darkness* ya Joseph Conrad, iliyotoka kwanza jaridani mwaka 1899, kisha katika kitabu mwaka 1902. Wengi huisoma kama hadithi ya ukoloni nchini Kongo, na ndivyo ilivyo. Mimi huisoma pia kama hadithi ya ulimi ulioharibika.

Conrad, Mpolandi aliyekuwa baharia, alikwenda Kongo mwaka 1890 kuitumikia kampuni ya Kibelgiji. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa meli ya mvuke mpaka Stanley Falls, palipo Kisangani ya leo. Nchi ile ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na jina lake rasmi lilikuwa Dola Huru ya Kongo. Hebu tulitazame neno hilo "huru". Watu waliobebeshwa mizigo kwa mjeledi, na waliokuja kulazimishwa kugema mpira kwa mtutu wa bunduki, waliishi katika nchi iliyobatizwa jina la uhuru. Kabla ya hapo, mwaka 1876, mfalme huyo alikuwa ameanzisha mjini Brussels Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kwa madai ya kueneza elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Dhuluma ile ilitanguliwa na maneno mazuri, nayo maneno ndiyo yaliyoifungulia mlango.

Conrad aliliona jambo hili kwa jicho la mtu wa lugha. Marlow, msimulizi wake, afikapo kituoni huwaona watu waliofungwa minyororo shingoni, nao huitwa wahalifu. Huwaona wengine wamelala chini ya miti, wamekwisha kwa njaa na maradhi, wakingoja kufa; na si mbali nao mhasibu wa kampuni, kola yake imetiwa wanga, aandika hesabu zake kwa unadhifu. Baadaye hukuta vichwa vya watu vimetungikwa juu ya vigingi mbele ya nyumba ya Kurtz, akaambiwa kuwa ni vya waasi. Mhalifu, muasi: neno moja tu latosha kumtoa mtu katika hesabu ya wanadamu.

Kurtz mwenyewe ni bingwa wa maneno. Hata jina lake, ambalo kwa Kijerumani lina maana ya ufupi, linamsema uongo, kwa kuwa yeye ni mrefu. Ni mchoraji, ni mwanamuziki, ni mwandishi. Marlow, kabla ya kumwona, humfikiria kama sauti tu. Amepewa kazi ya kuandika ripoti kwa jumuiya inayokusudia kukomesha mila za kishenzi, naye ameiandika kwa ufasaha wa kusisimua. Kisha, chini ya ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka, ameongeza amri fupi ya kuwaangamiza wenyeji wote.

Wapo wasemao kwamba amri ile inapingana na ripoti. Mimi naona imezaliwa nayo. Ripoti yaanza kwa kudai kwamba Mzungu lazima aonekane mbele ya wenyeji kama kiumbe mwenye uwezo wa kimungu. Aliyejikalisha mahali pa Mungu katika sentensi ya kwanza, yaweza kutushangaza akijipa mamlaka ya kuua katika sentensi ya mwisho? Marlow naye, ambaye husema anauchukia uongo, huichana amri hiyo kabla ya kuitoa ripoti. Anahifadhi uzuri na kuuficha ukweli. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hapa maneno matamu yamempa nyoka pango la kujifichia.

Hata hivyo, Conrad naye ana deni. Mwaka 1975, katika mhadhara aliotoa huko Massachusetts, Chinua Achebe alionyesha kwamba Waafrika wa riwaya hii wamenyimwa usemi, isipokuwa vijineno viwili vitatu vya Kiingereza kilichovunjika. Naliunga mkono shutuma hilo. Kitabu kinachofichua hila za lugha ya Ulaya kinawaacha wenyeji wa mto bila lugha.

Lakini Stanley Falls ilikuwa na lugha, na mojawapo ni hii yetu. Conrad alipofika, misafara ya pembe ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiswahili huko. Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa amefanywa liwali wa mahali hapo na Leopold tangu mwaka 1887. Lugha tunayoitungia mashairi iliingia Kongo ya mashariki vinywani mwa wafanyabiashara na wapagazi, ikiandamana na minyororo.

Ndiyo sababu tafsiri ya jina la jumuiya ile ya Kurtz hunitia baridi. Neno "kishenzi" halikuhitaji kutafutwa. Lilikuwa tayari limekaa kwetu. Kwa watu wa pwani wa zama hizo, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye Mwislamu, ambaye utumwa wake haukuhitaji maelezo mengi. Kinyume chake alikuwa mstaarabu. Abdulrazak Gurnah ameliingiza neno hilo katika *Paradise*, riwaya yake ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la *Peponi*. Humo msafara wa tajiri Aziz waelekea bara, na wanaokutwa njiani huitwa washenzi na watu ambao nao wako karibu kutawaliwa na Wajerumani. Ngazi ya dharau ina vidato vingi.

Sidai tuyafute maneno hayo katika kamusi. Nadai tuyajue uzito wake, kwa maana kazi yao haijakwisha. Bado mtu aweza kuitwa mvamizi katika ardhi alimozikwa babu yake, na barua ya kumwondoa ikaandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa hata moja. Kwa hiyo siku hizi nikiletewa shairi lililotimia vina na mizani, hulisoma mara ya pili nikitafuta jambo jingine: nani humo ameitwa kwa jina lake, na nani amebandikwa neno tu.